Sisi tuliita 'kafa Ulaya', wenzetu wakaita 'maafa'

MPENZI msomaji, wewe kijana wa mjini unayejua bei ya jinzi hata kabla muuzaji hajafungua mdomo, wiki hii nakupitisha sokoni kidogo, halafu nakuvusha Mto Ruvuma. Usiogope, nauli juu yangu.

Mitumba ilipoanza kumiminika hapa Bongo, Waswahili hawakukosa jina. Wakaita "kafa Ulaya". Yaani mwenye shati lake keshakufa huko kwao, ndugu wamelitia kwenye robota, na wewe Jumamosi unatambia nalo disko. Utani mtupu. Sijawahi kusikia mtu aliyemlilia Mzungu huyo wa kufikirika.

Wenzetu wa Msumbiji nao walikuwa na jina lao. Mtumba waliuita "calamidade". Kwa Kireno hiyo ni balaa, ni maafa, na halikuwa jina la utani. Wakati wa vita kulikuwa na idara ya serikali ya kuzuia na kupambana na maafa, ndiyo iliyogawa misaada. Shati lililoshuka kwenye lori la idara hiyo likabeba na jina lake. Ukilivaa, umevaa maafa.

Hayo nilielezwa na mama mmoja anayeuza chapati na maharage mtaani kwetu Mbagala. Kazaliwa Milange, mkoa wa Zambézia, pua na mdomo na mpaka wa Malawi. Aliolewa na dereva wa Kitanzania, ndipo akafika Dar. Jina lake naliweka kapuni, ndivyo alivyotaka.

"Mwanangu," aliniambia, "sisi tulianza na magunia. Gunia likichakaa tukavaa magome ya miti. Shati la msaada lilipokuja, nani angeuliza limetoka kwa nani?"

Usidhani mama anatia chumvi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu walitoka maporini huko Zambézia wakiwa uchi, au wamejifunga magunia na magome, na mashirika ya misaada yaliyaona hayo kwa macho.

Vita ile ilidumu miaka 16, kuanzia karibu 1977 hadi 1992. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba watu wapatao milioni 1 walikufa kwa risasi, njaa na maradhi, katika nchi iliyokuwa na watu kama milioni 14 hivi. Habari za wakubwa wa vita hiyo zimeandikwa sana. Mimi leo nataka habari za wale ambao hawakushika bunduki. Vita yao ilipoisha kulikuwa na mkataba, lakini hasara zao hazikuwa na mkataba wowote.

MOTO ULIANZIA WAPI?

Kwa kifupi tu, maana najua wengine historia mliikimbia shuleni. FRELIMO ilizaliwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1962, ikapigana na Mreno, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Mwaka 1976 serikali ya Samora Machel ikafunga mpaka na Rhodesia ya Ian Smith na kuwapa hifadhi wapigania uhuru wa Zimbabwe. Smith akajibu. Majasusi wake wakaunda kundi la kuichafua Msumbiji kwa ndani, ndilo baadaye lililoitwa RENAMO. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, kundi hilo likarithiwa na jeshi la makaburu wa Afrika Kusini.

Lakini tusidanganyane. Kuni nyingine zilitoka ndani. Serikali iliwasukuma wakulima kwenye vijiji vya ujamaa vya kwao, ikawaweka kando machifu wa jadi, na wengine ikawapeleka kambi za kile ilichokiita elimu mpya. Juu ya hayo ukaja ukame. Ndiyo maana kuna vijiji ambako RENAMO ilipopita ilipata wa kuisikiliza, angalau mwanzoni.

Mwaka 1984 Machel alitiliana saini na makaburu pale Nkomati, kila upande uache kumchokoza mwenzake. Makaburu hawakuacha. Tarehe 19 Oktoba 1986 ndege ya Machel ikaanguka Mbuzini, upande wa Afrika Kusini, naye akafa. Mwanakijiji kule chini alichokijua ni kwamba usiku umeingia na hajui atalala wapi.

AMINI MGUU WAKO

Kusini mwa Msumbiji kuna usemi, "dumba nengue". Maana yake amini mguu wako. Kwa lugha ya Kariakoo: toka mbio! Masoko ya mtaani ya Maputo yaliitwa hivyo, kwa sababu mchuuzi alikaa mkao wa kukimbia askari. Wamachinga wetu mnalielewa hilo bila mkalimani.

Huko vijijini usemi huo haukuwa wa biashara. Mwandishi Lina Magaia alikusanya visa vya wanavijiji wa kusini na kukipa kitabu chake jina hilo hilo. Jioni watu walikula mapema, wakazima moto, wakabeba watoto na kwenda kulala porini. Asubuhi wakarudi kuona kama nyumba ipo. Mama wa Milange anakumbuka kwamba mtoto mchanga alikuwa tatizo la kijiji kizima. Akilia usiku, mmekwisha wote. "Tulikuwa tunamnyonyesha hata kama hana njaa," alisema, "ili mdomo uwe na kazi."

RENAMO walilenga shule, zahanati na maduka. Mwalimu na nesi walikuwa watu wa kuwindwa, maana hao ndio serikali ambayo mwanakijiji aliiona kwa macho. Watu walikamatwa wakabebeshwa magunia ya mahindi siku nyingi porini, na aliyechoka hakufika. Upande wa serikali nao haukuwa malaika. Askari wenye njaa walipora, na wanakijiji walihamishwa kwa nguvu kutoka mashambani mwao ili adui asipate chakula.

Tarehe 18 Julai 1987, katika mji mdogo wa Homoíne, mkoa wa Inhambane, watu 424 waliuawa, wakiwemo wagonjwa wa hospitali. Mwaka uliofuata Mmarekani Robert Gersony aliwahoji wakimbizi karibu 200 katika nchi mbalimbali kwa niaba ya serikali yake. Alikadiria kuwa raia wasiopungua 100,000 wameuawa, na lawama kubwa akaiweka kwa RENAMO. Hao aliowahoji walikuwa wakulima na akina mama. 

BARABARA ILIPOKUFA

Sisi tukisafiri Dar hadi Mbeya tunalalamika basi limechelewa saa mbili. Msumbiji wakati ule safari ya barabara ilikuwa na jina lake, "coluna". Malori na mabasi yalijipanga kama msafara wa arusi, jeshi mbele na nyuma, yakasubiri siku kadhaa mpaka msafara utimie. Mlipoondoka mlijua kabisa kwamba si lazima wote mfike.

Barabara ikifa, vingine vinafuata kimya kimya. Chumvi inapotea. Sabuni inapotea. Mkulima wa chai wa Gurúè hana wa kumuuzia. Daraja la Dona Ana, lile refu la reli juu ya Mto Zambezi, lililipuliwa mwaka 1986. Wanajeshi wa Zimbabwe walilinda reli, barabara na bomba la mafuta la kwenda Beira, kwa sababu nchi yao ilipumulia hapo. Vijana wetu wa JWTZ nao walikuwa Zambézia mwaka 1987 na 1988. Pengine una mjomba aliyekuwa huko, asiyependa kuzungumzia habari hizo akiwa hajaguswa na kitu cha baridi.

Maputo penyewe waliishi kwa foleni na kadi za mgawo. Wazee wetu wa miaka ya unga wa yanga wanayafahamu. Tofauti ni kwamba wa Maputo hakuweza hata kukimbilia kwa bibi kijijini kufuata mihogo. Njiani ndiko kulikokuwa na kifo.

MIKUKI DHIDI YA BUNDUKI

Wananchi wakichoka wanafanya mambo. Mwaka 1990 aliibuka huko Zambézia kijana mmoja, Manuel António, akidai aliwahi kufa, akazikwa, akafufuka, na amepewa dawa ya kuzuia risasi. Wafuasi wake waliitwa Naparama. Walichanjwa, wakafunga vitambaa vyekundu, wakaenda vitani na mikuki na mapanga. Cheka ukitaka. Lakini wapiganaji wa RENAMO nao walikulia kwenye imani hizo hizo, na sehemu nyingi walitimua mbio. Maelfu ya watu wakarudi makwao.

Manuel António aliuawa mwishoni mwa 1991. Sisemi dawa ilifanya kazi au haikufanya. Ninachokiona mimi ni watu waliochoka kusubiri majeshi mawili yaamue lini wataruhusiwa kulima.

MTOTO KARUDI, NANI ATAMPOKEA?

Hapa ndipo roho inapouma. Watoto walitekwa, wakafunzwa kuua, na baadhi walilazimishwa kufanya unyama kwenye vijiji vyao wenyewe ili wasiwe na pa kurudi. Mwaka 1988 serikali ilifungua kituo huko Lhanguene, Maputo, cha kuwatunza wavulana waliotoka mikononi mwa RENAMO. Graça Machel, mjane wa Samora, ndiye aliyeiandikia Umoja wa Mataifa ripoti ya 1996 kuhusu watoto na vita, iliyoifanya dunia ianze kusikia.

Lakini wengi hawakuona kituo wala daktari wa akili. Walirudi kijijini usiku, wakasimama nje ya uwanja. Watafiti wameeleza jinsi wazee wa kusini walivyowapokea. Kinajengwa kibanda kidogo cha nyasi. Kijana anaingia akiwa na nguo alizotoka nazo porini. Anazivua, anaziacha humo, kibanda kinawashwa moto, naye anatolewa na ndugu yake. Anaogeshwa kwa dawa, anaambiwa asigeuke nyuma. Hakuna anayemuuliza, "Ulimuua nani?" Nguo zimeungua, na aliyezivaa kaungua nazo.

Kuna watakaosema ni ushirikina. Sawa. Lakini niambie, wewe ungempokeaje?

MKE WA NANI?

Narudi kwa mama wa Milange. Mwaka 1987 kaka yake alichukuliwa kubeba mizigo. Hakurudi. Aliacha mke na watoto wawili. Familia ikavuka mpaka hadi kambi za upande wa Mulanje, Malawi. Nchi ile ndogo na maskini ilipokea zaidi ya Wamsumbiji milioni 1, ikafika mahali kila mtu mmoja kati ya kumi humo ni mkimbizi. Tukisema ukarimu, tuanzie hapo.

Walirudi kwao mwaka 1994. Wifi yake alikuwa bado kijana, na kulikuwa na mwanamume aliyetaka kumwoa. Sasa je, mwenye mke amekufa au yuko hai? Mjomba wao mkubwa akaita kikao.

Mama mzazi wa aliyepotea akasema, "Mwanangu hajafa. Hamjaniletea hata kidole chake."

Wifi akajibu kwa upole, "Mama, mimi kwako si mke tena, na mjane hamjanifanya. Niambieni nivae nini."

Kikao kilikwenda siku mbili. Mwisho mjomba akaamua msiba ufanyike bila maiti. Walitandika mkeka wa marehemu, wakaulilia kama vile yupo juu yake, kisha wakauzika. Mama mzazi alikaa ndani, hakutoka. Mama wa Milange aliunga mkono uamuzi ule kwa ajili ya wifi yake, na mama yake hakuzungumza naye mpaka masika yalipokwisha.

Nikamwuliza kama yeye mwenyewe aliamini kwamba kaka kafa.

"Mwanangu, nilikuwa namlilia kaka yangu, na huku naogopa asije akatokea njiani akanikuta namlilia."

Hiyo ni familia moja. Zidisha mwenyewe.

WAFU WANAODAI CHAO

Wapenzi wa habari za mizimu, hii yenu, ila msiilete kwenye vichekesho. Baada ya vita, katika wilaya ya Gorongosa, mkoa wa Sofala, walianza kuonekana watu wanaopandwa na pepo aitwaye "gamba". Wanasema ni roho ya mwanamume, mara nyingi askari, aliyekufa vitani bila kuzikwa kwa heshima. Anampanda mtu, mara nyingi mwanamke, anamwumiza, anaharibu ndoa, anazuia uzazi. Mganga akiitwa, gamba anazungumza. Anataja alivyouawa, na ukoo wa aliyemuua. Ukoo huo unaitwa, unakaa chini, unakiri, unalipa.

Uamini usiamini, tazama kinachofanyika pale. Ni mahakama. Tarehe 4 Oktoba 1992, baada ya mazungumzo ya miaka 2, Joaquim Chissano wa FRELIMO na Afonso Dhlakama wa RENAMO walitia saini mkataba wa amani mjini Roma, wakisaidiwa na jumuiya ya Wakatoliki ya Sant'Egidio. Siku chache baadaye Bunge likapitisha msamaha wa jumla. Hakuna aliyeshtakiwa, na haikuundwa tume ya ukweli kama ile ya Afrika Kusini. Ulipokataa kuuliza kwa mdomo wa hakimu, swali likapita kwa mdomo wa mgonjwa.

Siwalaumu waliosaini. Bila msamaha ule pengine risasi zingeendelea mpaka leo, na watu walishachoka. Nasema tu kwamba msamaha aliutoa Bunge, na deni likabaki kwa mama wa kijijini.

NANI ALILIPWA?

Umoja wa Mataifa ulikusanya silaha na kuwavua magwanda askari zaidi ya 90,000 wa pande zote mbili. Kila mmoja alipewa malipo kidogo kidogo kwa miaka 2. Ilikuwa akili, maana askari mwenye njaa na bunduki ni hatari. Uchaguzi ukafanyika Oktoba 1994. Wakimbizi wapatao milioni 1.7 wakarudi, wengi wakiwa na jembe na mbegu za msaada. Lakini aliyebebeshwa gunia akafia njiani hakuwa kwenye orodha ya askari wala ya wakimbizi. Jina lake liko kwenye mkeka uliozikwa.

Mazuri yapo pia. Mwaka 1995 Baraza la Makanisa la Msumbiji, chini ya Askofu Dinis Sengulane, lilianza mpango wa kubadilisha silaha kwa majembe, baiskeli na cherehani. Bunduki zilikatwakatwa na wasanii wakazigeuza vinyago. Kiti kimoja cha enzi kilichoundwa kwa bunduki na msanii Kester mwaka 2001 kiko kwenye jumba la makumbusho la British Museum, London. Mabomu ya kutegwa ardhini yalichukua muda zaidi. Ilikuwa Septemba 2015, miaka karibu 23 baada ya Roma, ndipo nchi ikatangaza kwamba imeyasafisha maeneo yote yaliyojulikana.

Na tarehe 5 Oktoba 2017, siku moja tu baada ya mkataba ule kutimiza miaka 25, watu wenye silaha wakavamia Mocímboa da Praia, mkoa wa Cabo Delgado, jirani yetu wa Mtwara. Vita nyingine, watu wengine, sababu nyingine. Lakini mwendo ni ule ule: kuzima moto, kubeba mtoto, kulala porini. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, wapo waliotembea hadi ukingo wa Ruvuma. Mamia ya maelfu walihama makwao katika miaka hiyo.

Wahenga walisema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Methali hiyo tunaipenda sana, tunaitaja harusini na bungeni. Ila nani amewahi kuinama akaziuliza nyasi?

Kwa hiyo kijana mwenzangu, mtaani kwako ukikutana na mtu aliyetoka kwenye vita, awe wa Msumbiji, wa Burundi au wa Kongo, usianze na "Ulikuwa upande gani?" Hapo utapata siasa au kimya. Muulize walikuwa wakilala wapi. Walipataje chumvi. Nani alichukuliwa, na msiba wake ulifanyika lini. Halafu funga mdomo, sikiliza. Usipokuwa na la kusema, mwambie pole, inatosha. Na kama kuna msiba haujafanyika, kuna mtu hapo bado anatazama barabara.

Yangu ni hayo. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu ya mapenzi na mapishi kama kawaida. Kaeni salama.